Ushuru wa jasho: barua ya wazi kutoka Shimanzi

Mombasa,
Novemba 2025

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Taifa,
Na kwa Waheshimiwa Wabunge wetu wa Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: USHURU UNAOTOZWA MSHAHARA WA MFANYAKAZI

Baada ya salamu na heshima zenu. Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni moja ya mizigo hapa Shimanzi. Kila mwezi mishahara ya watu arubaini na watatu hupitia mkononi mwangu: madereva, wapakiaji, makarani wa kuhesabu makasha, mafundi, walinzi. Mimi ndiye ninayekata. Mtu hajaiona hela yake bado, mimi nimeshatoa PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara), ada ya nyumba (ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu), SHIF (ya bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni), na PAYE ni lazima iwe imefika serikalini kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne. Kuhusu haya ninayoyaandika leo nimeshaandika barua tatu za faragha, kwa ofisi ambazo sitazitaja. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa neno moja, kwamba imepokelewa. Ndipo nikaona niseme mbele ya watu.

Nianze kwa lile nisilolipinga, msije mkanifahamu vibaya. Sisemi ushuru ni dhulma. Watoto wangu wawili nimewazaa katika hospitali ya umma, wamesoma shule za serikali, na nikienda ng'ambo ya Likoni kwa miguu navuka feri bila kulipa. Anayekula chungu kimoja na wenzake ana wajibu wa kuleta kuni. Ninachouliza ni kipi kinachukuliwa kwanza, kwa nani, na kwa hoja gani. Jibu ninaloliona mezani kwangu kila mwisho wa mwezi ni kwamba mfanyakazi wa mshahara anatozwa zaidi kwa sababu anafikika. Mshahara wake unajulikana, tarehe yake inajulikana, na kuna karani kama mimi aliyewekwa njiani kuupokonya kabla haujafika nyumbani. Wepesi wa kukusanya umefanywa kuwa ndiyo haki ya kukusanya. Hapo ndipo nasimama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Riziki inatozwa kabla ya ziada

Mwezi uliopita, tarehe 28, alinijia mzee mmoja, mlinzi wetu wa zamu ya usiku. Hati yake ya mshahara alikuwa ameikunja mara nne akaitia ndani ya kofia. Akaifungua juu ya meza yangu, akainyoosha kwa kiganja, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi si niliambiwa ushuru haunifiki? Sasa hii mia mbili hamsini na tano ni ya nini?"

Mshahara wake ni shilingi 17,000. Ni kweli PAYE haimfiki, kwa kuwa kwa anayepata hadi 24,000 kwa mwezi, afueni ya shilingi 2,400 humfutia ushuru wote. Lakini ada ya nyumba haimuulizi mtu anapata ngapi. Ni asilimia 1.5 tangu shilingi ya kwanza, kwake ikawa 255. SHIF ni asilimia 2.75, ikawa 467.50. NSSF ni 1,020, nayo siihesabu kuwa ushuru kwa sababu ni akiba yake ya uzeeni, ingawa uzee wenyewe ameshaufikia. Akabaki na 15,257.50.

Akaniuliza la pili: "Na hiyo nyumba nitapewa lini?"

Ilibidi nimwambie kweli. Hela hii si akiba. Haiwekwi kwa jina lake, na hata akikatwa mpaka siku ya mwisho ya kazi haimpi haki ya chumba kimoja. Akitaka nyumba, ajiandikishe na ainunue kama mtu mwingine yeyote. Akanitazama. "Basi mimi namjengea nani, mwanangu?" Akaikunja hati yake mara nne, akairudisha kofiani, akaenda kushika zamu.

Desemba 2024 mlifanya jambo jema, na ni haki nilitaje: mlibadilisha sheria, SHIF na ada ya nyumba zikawa zinatolewa kwanza ndipo PAYE ihesabiwe. Kwa anayelipa PAYE imekuwa afadhali. Kwa mzee huyu haikubadilisha senti. Hana PAYE ya kupunguziwa. Nafuu ile ilimruka yule aliyeihitaji kuliko wote.

Sasa nitoke kwa mlinzi niende kwa karani wa kuhesabu makasha, mwenye mke na watoto watatu, anayeishi Mikindani. Mshahara wake ni 40,000. Mtu akitajiwa elfu arubaini hudhani huyo amejikimu. Tuliketi naye na wenzake wawili wakati wa chakula cha mchana tukaandika matumizi yake kwenye karatasi. Kodi ya nyumba 7,000. Chakula cha watu watano kwa 500 kwa siku, 15,000. Nauli ya siku ishirini na sita za kazi kwa 150, ni 3,900. Maji na stima 2,000. Gesi na makaa 1,500. Shule, hii ya kulipwa kidogo kidogo, 3,000. Jumla 32,400. Humo hakuna mgonjwa, hakuna msiba wa kwao Kilifi, hakuna nguo ya Idi.

Na hesabu yangu mimi karani? NSSF 2,400, SHIF 1,100, ada ya nyumba 600, PAYE 3,153.35. Anapokea 32,746.65. Yaani mwezi ukienda sawasawa bila jambo lolote kuzuka, hubaki na shilingi 346.65. Ukiiacha NSSF kando, serikali imechukua 4,853.35 kwa mtu ambaye ziada yake ni mia tatu na kitu. Huko si kugawana ziada tena. Hapo mkono umeingia kwenye sahani.

Sisi wa Pwani tumelelewa na kipimo kingine. Zaka haimgusi mtu mpaka mali yake ifike nisabu, yaani kile kiwango cha chini kilichowekwa, ikae mwaka mzima, na iwe ni iliyobaki baada ya yeye na watu wake kula na kujisitiri. Hapo ndipo hutolewa asilimia 2.5. Na wanaostahiki wanajulikana, mafungu manane, hakuna anayeweza kuongeza la tisa. Siwaambii muifanye zaka kuwa sheria ya Kenya. Nchi ni ya watu wa dini zote, na zaka ni ibada kabla ya kuwa hesabu. Nasema lile wazo lililomo ndani yake, kwamba haki ya jamii huanzia pale mahitaji ya mtu yanapokoma, halihitaji dini kulielewa.

Kiwango cha 24,000 mlikiweka 2020, wakati wa korona. Tangu hapo hakijasogea, na hakuna anayekwenda Marikiti asiyejua bei zimefika wapi. Kila mwaka kiwango kinapokaa pale pale huku bei zikipanda, mnapandisha ushuru wa maskini bila kupeleka mswada wowote Bungeni. Kisha itazameni ngazi yenyewe. Anayevuka 32,333 tu, kila shilingi mia inayozidi hapo inatozwa thelathini. Na hiyo thelathini haibadiliki mpaka mtu afike 500,000. Karani wangu wa makasha na mkurugenzi wa 480,000 wako kwenye daraja moja. Nimeijua sheria hii kwa moyo kwa sababu ya kazi, na kila nikiisoma sioni ni mizani gani iliyopima hivyo.

2. Jasho linatozwa kuliko mali

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana halielezeki kwa uhaba wa fedha.

Mchukueni mtu anayepata 150,000 kwa mwezi kwa mshahara, tuseme nahodha wa boti za kuvuta meli au muuguzi mkuu mwenye miaka ishirini kazini. PAYE yake ni 34,174.85. Mchukueni jirani yake mwenye nyumba za kupangisha kule Bamburi zinazomwingizia 150,000 hiyo hiyo kwa mwezi. Ushuru wake wa mapato ya kupangisha ni asilimia 7.5, yaani 11,250. Mwenye hisa akipata gawio hutozwa asilimia 5 na mambo yamekwisha. Aliyeuza kiwanja kwa faida hutozwa asilimia 15 ya faida ile. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu ndiye wa thelathini.

Sina chuki na wenye nyumba. Mimi mwenyewe nimepanga kwa mama mmoja ambaye vyumba vyake vitatu ndiyo pensheni yake, na simtakii mabaya. Najua pia jawabu lenu: ushuru wa nyumba za kupangisha hutozwa kwenye mapato yote bila kutoa gharama za ukarabati. Sawa. Na mfanyakazi je? Nauli yake ya kufika kazini imetolewa wapi? Buti zake? Yaya anayemlelea mtoto ili yeye atoke? Naye anatozwa kwenye mapato yote bila kutolewa gharama, tena kwa kiwango kilicho mara nne ya kile cha mwenye nyumba.

Halafu mwaka huu mkapitisha kwamba marupurupu ya safari ya kikazi yasitozwe ushuru hadi shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 2,000. Najua 2,000 ilikuwa imepitwa na wakati. Madereva wetu wa masafa marefu wamefurahi na nimefurahi nao. Lakini mlipoona kwamba 2,000 imepitwa na wakati mkaizidisha mara tano, mlishindwaje kuiona 24,000 iliyo mlango wa pili? Siku tatu za safari sasa zina msamaha mkubwa kuliko mwezi mzima wa mlinzi.

3. Tunajua ushuru wa aina hii ulikotoka

Waingereza walipojitoza wenyewe ushuru wa mapato mara ya kwanza, mwaka 1799, ili kugharamia vita na Ufaransa, mtu aliyepata chini ya pauni 60 kwa mwaka hawakumgusa. Walielewa vizuri kabisa kwamba kuna kiasi ambacho ni chakula tu. Walipofika huku, mwaka 1901, walitoza kibanda. Hawakuuliza aliyelala ndani ana nini. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda, ili asiwepo wa kuponyoka, na nia mojawapo ilikuwa watu walazimike kwenda kuajiriwa kwenye mashamba ya walowezi wapate hela ya kulipa. Walowezi wenyewe waliupinga ushuru wa mapato, na Kenya haikuuanzisha kwa kudumu mpaka 1937.

Nayataja haya kwa sababu ada inayokatwa tangu shilingi ya kwanza, bila kuuliza mtu ana nini, ina damu moja na kodi ya kibanda. Na Mombasa hii, Januari 1947, wafanyakazi wa bandarini na reli na wengineo waligoma kwa maelfu kwa sababu mshahara haukuwa unatosha kula. Babu yangu alikuwa mpakiaji wakati huo.

4. Mfanyakazi anabebeshwa deni la aliyemkata

Kuna kijana, dereva wa foklifti, aliyetujia kutoka kampuni nyingine. Kule alikokuwa alikatwa PAYE miezi kumi na moja. Hati zote anazo, amezitia kwenye bahasha ya kaki, moja baada ya nyingine, mstari wa PAYE umeandikwa kwa wino. Alipokwenda kuwasilisha ripoti yake ya mwaka, rekodi zilionyesha hakuna kilicholipwa. Mwajiri alikata, akakaa nacho. Kijana akaonekana anadaiwa, na riba juu yake. Akakosa cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la ushuru, na kazi aliyokuwa ameitwa, yenye mshahara bora, ikaenda kwa mwingine.

Aliipeleka bahasha yake kwenye ofisi moja ya umma. Akaambiwa arudi kwa mwajiri wake wa zamani. Akarudi, akakuta lango lina kufuli. Barua yangu ya pili kati ya zile tatu ilikuwa kwa niaba yake.

Waheshimiwa, mfanyakazi hakumchagua mwajiri kuwa mkusanyaji wa ushuru. Serikali ndiyo iliyomteua, kwa sheria, na sheria hiyo hiyo inasema wajibu wa kukata na kuwasilisha ni wa mwajiri. Mkusanyaji wenu akila alichokusanya, basi huyo ni mdeni wenu. Kijana alishalipa siku ile hela ilipotoka kwenye mshahara wake. Kumdai tena ni kumtoza jasho moja mara mbili.

5. Hatuoni ilikokwenda

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa wengi wameshasema, na Juni 2024 vijana walisema barabarani, wengine kwa uhai wao. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na uwajibikaji, kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na fedha za umma zitumike kwa busara. Kifungu cha 210 kinataka kila msamaha wa ushuru uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mlinzi wangu anajua kila mwezi amekatwa 255. Ana haki ya kujua, kwa lugha anayoisoma, ni nani waliosamehewa, kiasi gani, na kwa nini.

Sasa najua mtakayoniambia.

Mtasema nchi ina madeni. Ndiyo, na hakuna mpakiaji aliyeketi kwenye meza yalikotiwa sahihi. Katiba inasema manufaa na mizigo ya mikopo igawanywe kwa usawa. Mizigo imefika Changamwe. Manufaa tunayasikia redioni.

Mtasema kiwango kikipanda Hazina itapungukiwa. Nakubali itapungukiwa, na sitajifanya kwamba pengo hilo ni dogo. Ndiyo maana nimeitaja asilimia 5 ya gawio na asilimia 7.5 ya mapato ya kupangisha nyumba, na misamaha isiyojulikana. Pa kutafutia papo. Panahitaji ujasiri wa kuwatazama watu mnaofahamiana nao.

Mtasema sekta isiyo rasmi hailipi, kwa hivyo wa mshahara hana budi kubeba. Mama wa viazi karai pale Mwembe Tayari hana hati ya mshahara, lakini kila akinunua mafuta ya kupikia analipa ushuru wa thamani (VAT) wa asilimia 16, na kila akipanda matatu ushuru wa petroli umo ndani ya nauli. Analipa. Na hata kama kuna mfanyabiashara mkubwa anayejificha, kumkamua zaidi aliyejitokeza hakumfichui aliyejificha.

Mtasema nchi nyingine hutoza zaidi. Huenda. Nendeni basi mkatazame huko mtu anaanza kutozwa akiwa ameshakula au bado.

Ninaomba yafuatayo.

Kiwango cha mshahara usiotozwa kitoke 24,000 kifike 35,000, na sheria yenyewe iseme kwamba kitapitiwa kila mwaka kufuatana na mfumko wa bei, kisingoje huruma ya waziri wala kelele za barabarani. Nimetaja 35,000 kwa sababu nimewaonyesha hesabu ya Mikindani. Mkiwa na hesabu iliyo bora, iwekeni hadharani tuilinganishe.

Aliye chini ya kiwango hicho asikatwe ada ya nyumba hata senti. Kama ada ni ya kuwajengea wanyonge, asianze mnyonge kuijenga.

Thelathini kwa mia isianze kwenye 32,333. Na kabla ya kupitisha kiwango chochote cha mapato ya mali, Kamati ieleze kwa maandishi kwa nini kiwe chini ya kile cha mapato ya kazi. Labda mnayo sababu nisiyoijua mimi karani. Isemeni.

Hati ya mshahara inayoonyesha PAYE imekatwa ikubaliwe kuwa ushahidi tosha wa malipo ya mfanyakazi, na deni limfuate mwajiri. Kijana wa foklifti apewe cheti chake.

Na la mwisho. Mswada wa fedha wa mwaka ujao utafika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Leteni kikao cha maoni ya umma Mombasa, siku ya Jumapili au jioni, wakati mtu wa zamu anaweza kuja, na mswada uwe umechapishwa kwa Kiswahili, ambayo ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7. Vikao vya asubuhi ya siku ya kazi, na makaratasi ya Kiingereza cha mawakili, huwafikia wale wale kila mwaka. Mzee ameniambia siku hiyo ataomba kubadilishana zamu, na ile hati atakuja nayo.

Nasubiri jibu la maandishi.

Wenu mwaminifu,

Karani wa mishahara,
Shimanzi, Mombasa.
(Jina na anwani yangu vimo katika nakala nilizozituma ofisini kwenu.)